Sensa Inayoishia Mbili na Nusu

Jumamosi asubuhi, uani kwake Bishkek, Syrgak alikuwa ameinamia injini ya gari la Doolot, akimweleza jambo lile lile tena.

"Usiniambie namba imetulia, bwana. Sensa hii ya kupima presha ya hewa mwisho wake ni kusoma mbili na nusu. Ukizidisha turbo, hewa inaendelea kuingia, yenyewe inasema mbili na nusu tu. Kompyuta inaiamini, inatoa petroli ile ile. Petroli haitoshi, pistoni zinayeyuka, halafu unakuja kunililia."

"Lakini jana lilikimbia vizuri, kaka."

"Na leo ungerudi ukivutwa kwa kamba."

Burul, mke wa Syrgak, aliwaletea chai, vikombe nusu, kama mkamwana wa kule anavyotakiwa kumimina kwa heshima. Akarudi ndani akiusukuma mlango kwa bega, kwa sababu hewa ya mle ndani ilikuwa inausukuma nje.

Hewa hiyo ilianza kujaa kipindi cha theluji. Kwa desturi, bibi arusi huenda kwao kuwasalimia wazazi baada ya harusi. Burul alikuwa hajaenda, na mwaka wa pili ulikuwa unaisha. Kila alipoomba, mama mkwe alisema, "Wageni wakiondoka, mwanangu." Burul aliinama, akajibu, "Sawa, mama," na hewa ikaongezeka. Vifuniko vya mitungi ya jamu vilibonyea. Balbu zilipasuka. Mama mkwe alimeza mate ili masikio yazibuke, akalalamika kuwa balbu za siku hizi ni mbovu.

Doolot alipoondoka, Syrgak alifunga sensa kuukuu ya aina ile ile ukutani jikoni. Ilisoma mbili na nusu. Wiki iliyofuata, mbili na nusu.

"Unaona? Imetulia," alimwambia mkewe.

"Si ulimwambia Doolot kwamba..."

"Doolot ana gari, Burul. Hapa ni nyumbani."

"Mama yangu anaumwa. Nataka kwenda."

"Ulisema jana. Mbona unarudia yale yale?"

"Sirudii. Jana alikuwa anaweza kukaa. Leo hawezi hata kugeuka."

"Ndiyo, anaumwa. Nimesikia."

Dirisha la jikoni lilikuwa limevimba kwa nje kama shavu lenye jino bovu. Burul alilitazama, akamtazama mumewe.

"Sawa," akasema. Dirisha likavimba zaidi.

Jumatano ilifika sensa mpya ya Doolot, inayosoma mpaka nne. Syrgak aliijaribu kwanza jikoni. Ilisoma tatu nukta moja. Alifurahi, maana hatimaye alikuwa na namba ya kweli, akamwita mama yake aje aione.

"Na hii inafika ngapi?" mama aliuliza, kidole sikioni.

"Nne, mama."

"Kumbe nafasi bado ipo!"

Hapo hapo akampigia simu dada yake wa mji wa Osh, aje na wanawe wote, wakae mpaka majani yapukutike. Burul akaenda kuwatandikia.