Kurasa Zilizoanikwa

Mwaka ule mto ulipopungua, meli za kutoka Pucallpa zilikwama mchangani, na toleo la kumi na nne la katuni ya mwanamke mpiga mbizi halikufika kwenye duka la Zoraida Tuanama, pale mjini Iquitos. Mzee Teófilo, seremala mstaafu, alipita kila asubuhi kuliulizia.

"Bado anamtafuta dadake huko chini ya maji?"

"Bado, mzee wangu. Kabana pumzi, anakungoja wewe."

"Mwambie aharakishe. Hata mimi pumzi zangu ni za kuhesabu."

Wiki ya saba boksi la katuni likaja, limelowa chapachapa. Nakala zote zilikuwa zimegandana, ila moja ya katikati. Zoraida aliing'oa pini, akazitenganisha karatasi moja moja, akazibana kwenye kamba alizozifunga kutoka ukuta hadi ukuta.

Mzee Teófilo aliingia, akavua kofia. Feni ilizipepea kurasa taratibu, na maji ya buluu yakawa yanapumua juu ya kichwa chake. Alitembea humo ndani akisoma, akizunguka upande wa pili, akirudi alipopotea. Mpiga mbizi mara alizama, mara aliibuka.

"Nikuonyeshe mwisho ulipo?"

"Niache, binti. Tutakutana tu."

Saa nzima ilipita. Hatimaye alisimama kwenye kona, mbele ya ukurasa mmoja, asisogee.

"Kampata," alisema kwa sauti ya chini.

Kurasa zilikuwa zimekwisha kukauka, lakini Zoraida hakuzianua. Alimsogezea kiti.