Meza Isiyobishana

Kiwandani walimwita Ulimi, na wala si kwa umbea. Alikuwa mwonjaji wa chai. Ukimpa kijiko kimoja tu angekwambia majani yalichumwa kabla ya mvua au baada yake, yalilala kwenye magunia au hayakulala, na kama mtu wa mashine aliyakausha huku anasinzia. Hivyo ndivyo alivyokuwa hadi miezi minne nyuma, mumewe alipofariki. Siku ya tatu baada ya maziko jirani alimletea kikombe cha chai, akanywa, akaona amekunywa maji ya moto. Alidhani wamesahau kutia majani. Akachungulia kikombeni, chai ilikuwa nyeusi tii.

Hakulia, wala hakushtuka. Tangu siku ile mambo yote yalikuwa yamekaa mbali naye, sauti za watu, njaa, hata baridi ya alfajiri. Waliokuja kumpa pole walimsifu kwamba amejikaza. Hakujikaza hata kidogo. Alikuwa ameingia ganzi mwili na roho, na mtu mwenye ganzi ukimfinya hatoi sauti, utamwita jasiri bure. Aliingoja ladha irudi. Wiki ikapita, ikapita na nyingine. Harufu nayo ilikuwa imeondoka. Akarudi kazini hivyo hivyo, maana nyumbani kulikuwa na kiti cha mumewe na kazini kulikuwa na kiti chake mwenyewe. Akikikosa hicho cha kazini, angebaki kukitazama kile kingine kutwa kucha.

Sasa, mwonjaji asiyeonja atafanyaje kazi? Vizuri tu, na hapo ndipo penye msiba.

Chumba cha kuonjea kilikuwa na meza ndefu ya vigae vyeupe chini ya dirisha kubwa. Kila asubuhi vikombe vilipangwa safu, kila kimoja na chai ya mashine yake. Waonjaji walipita na vijiko, wakavuta chai kwa kishindo, wakaizungusha mdomoni, wakaitema kwenye ndoo. Zamani kila mmoja alifanya hivyo amewapa wenzake mgongo, akaandika maoni yake kwenye kikaratasi, akakitia kwenye kopo la bati. Kopo likimiminwa ndipo vita vilipoanza. Palikuwa na mzee waliyemwita Mbishi, ambaye angeweza kugombania kikombe kimoja mpaka kipoe. Mbishi alipostaafu, kila mtu alipumua. Mkuu wa meza akaliweka kopo kabatini. "Kopo la nini," alisema, "na sisi siku hizi ni kitu kimoja?" Wakaanza kutaja maoni yao kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, na ajabu ni kwamba walipatana kila mara. Meneja alifurahi. Aliwatundikia ukutani ubao wenye maandishi ya rangi ya dhahabu: Penye wengi hapaharibiki neno.

Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kukaa kwenye meza ile. Mezani walikuwa wanne. Wa kwanza Mkuu, mzee mwembamba aliyeonja chai miaka thelathini. Wa pili Mwalimu, aliyeacha kufundisha lakini hakuacha kusahihisha watu. Wa tatu Mama Pacha, ambaye kabla ya kusema lolote huomba radhi. Wa nne Ulimi. Na Ulimi aligundua mapema kwamba chai ikiwa mbaya, nyusi ya kushoto ya Mkuu hushuka. Basi yeye alivuta, alizungusha, alitema, na jicho lake lilikuwa kwenye nyusi. Nyusi ikitulia alisema, "Safi." Ikishuka alisema, "Hii mimi siipendi." Mwalimu na Mama Pacha waliitikia. Miezi minne ilipita, na hakuna aliyejua.

Mashine ya tatu ya kukaushia majani iliendeshwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Waliishi nyumba moja, wao wawili na mama mkwe, ambaye sasa alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu. Kijana huyo alikuwa mchangamfu, lakini wiki ile alikuwa hazungumzi. Jumatatu alisema kichwa kinamgonga. Jumanne na Jumatano alirudi akalala bila kula. Alhamisi asubuhi alitapika uani, akanawa uso, akavaa viatu.

"Si upumzike leo?" mama mkwe alimwambia. "Na hilo shati, nimelifua mara mbili, bado linanuka moshi."

"Mama, mtu wa tanuri anuke nini, marashi?" Akacheka kidogo, akashika ukuta kwanza ndipo akatoka. "Shemeji, twende, tutachelewa."

Ulimi alimfuata. Aliyasikia maneno ya moshi kama mtu anavyosikia habari za redio ya jirani. Yeye shati hilo alikuwa amelianika kwa mikono yake mwenyewe na hakunusa kitu.

Mezani mambo yalikuwa yale yale. Walipofika kwenye kikombe cha mashine ya tatu, Ulimi alivuta maji yake ya moto, akatazama nyusi. Nyusi ilikuwa imetulia. Akasema, "Safi." Mwalimu akasema safi, huku akipitisha ulimi kwenye jino lake la nyuma. Mama Pacha akasema, "Samahani, na mimi naona safi," kisha akaenda kwenye sinki, akanawa mikono, akavinusa viganja, akanawa tena.

Alikuwa amefanya hivyo jana pia. Na juzi.

Ulimi alibaki na kijiko hewani. Hakushikwa na hofu, maana hofu ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyomhama. Ilikuwa hesabu tu, kavu, mtu anapanga vijiti. Shati linanuka moshi na limefuliwa mara mbili. Kichwa, siku nne. Matapishi. Mama Pacha ananusa mikono baada ya kikombe hicho hicho kila siku. Moshi wa tanuri unatakiwa upite ndani ya bomba uende zake juu, na majani yakaushwe na joto la nje ya bomba. Moshi ukifika kwenye chai, bomba limepasuka. Na ukifika kwenye chai, unafika kwanza kwenye mapafu ya anayesimama pale.

Angeweza kumuuliza Mama Pacha pembeni. Lakini Mama Pacha angesema samahani, sina kitu, na Mkuu angesema Ulimi ameonja na amesema safi, yamekwisha. Neno lake lenyewe ndilo lililokuwa limeziba njia. Ili liondoke ilibidi aseme kwa nini halina maana, na akishasema hilo, kiti chake hakipo tena. Alikitazama. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mto wa kijani. Akaona jinsi atakavyokaa nyumbani.

"Mimi sionji," alisema.

"Pumzika kidogo," Mkuu alisema. "Vimebaki vitatu tu."

"Sionji kabisa, Mkuu. Tangu nimzike mume wangu sisikii ladha wala harufu. Ukinipa mafuta ya taa nitakunywa. Miezi minne nafuata nyusi yako ya kushoto, ikishuka nasema mbaya, isiposhuka nasema nzuri."

Mwalimu alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza hakusahihisha kitu. Mkuu alikaa. Aliishika nyusi yake kama mtu aliyeambiwa ina mdudu.

"Lakini mimi nakufuata wewe," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulimi wangu umezeeka, mama. Tumbaku na miaka. Mimi naangalia unakaa na chai mdomoni muda gani. Chai mbaya zamani ulikuwa unakaa nayo. Siku hizi zote unazitema sawasawa, nikasema basi, mashine zimetengemaa."

Walitazamana, vipofu wawili walioshikana mikono, kila mmoja akiamini mwenzake anaona. Na siku moja moja nyusi hiyo iliposhuka, yumkini mzee alikuwa anawashwa tu.

"Mwalimu," Ulimi alisema, "hicho cha tatu umesikia nini?"

"Mimi nina jino bovu," Mwalimu alijibu. "Nimesikia kitu kama kuungua, tangu Jumatatu. Nikajua ni jino. Kama Ulimi hajasema, mimi ni nani?"

"Mama Pacha?"

"Samahani," Mama Pacha alisema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Moshi. Napikia mkaa, nikadhani ni mikono yangu."

Wawili walikuwa na vinywa vizima, na wote wawili walikuwa wamejishitaki wenyewe. Ulimi hakungoja Mkuu aseme neno. Alitoka mbio, viatu vya plastiki vikimteleza kwenye sakafu yenye maji, akapita mashine ya kwanza, ya pili, akafika ya tatu. Mashine ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa. Shemeji yake alikuwa ameketi nyuma ya mashine hiyo, mgongo ukutani, kidevu kifuani, koleo mkononi. Uso wake ulikuwa na rangi nzuri kuliko asubuhi, nyekundunyekundu, utadhani ametoka kuoga. Alimwita. Alimpiga kofi. Akamshika kwapani akamburuta kuelekea mlangoni, na katikati ya njia Mwalimu akafika akashika miguu.

Fundi alipoizima mashine na kufungua bati la upande, alikuta ufa kwenye bomba, mrefu kama mkono wa mtu mzima.

Hospitalini, daktari alizungumza na Ulimi na mama mkwe koridoni, mafaili kwapani. Alisema hewa ya tanuri ni sumu isiyotangulia kubisha hodi. Alisema kijana amezinduka, atabaki na kipumulio hadi kesho, na kichwa kitamsumbua wiki kadhaa. "Angekaa pale mpaka kengele ya mchana," alisema, "tungekuwa tunaongea mengine." Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mtandio umemwangukia mabegani na hajajua. Ulimi aliketi karibu naye. Mkuu alikuwa amemwambia langoni kwamba kopo limetolewa kabatini, na kwamba Mbishi ameitwa arudi. Habari za kiti hakuzigusa, na Ulimi hakuuliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini yeye alificha yake, na kifo kikaenda kubisha kwa mwingine. Akaona heri aseme kabla mtu mwingine hajasema.

"Mama, kosa ni langu." Akaeleza yote, taratibu, kama anayesoma barua ya mtu: maji ya moto, nyusi, safi, safi, safi. "Ningesema siku ya kwanza, wangeweka mtu anayeonja. Moshi ungejulikana Jumatatu."

Muuguzi alipita na toroli la dawa, gurudumu moja likilia.

"Mimi nilijua," mama mkwe alisema.

"Ulijua nini, mama?"

"Kwamba husikii ladha. Mboga zako, mwanangu. Tangu wiki ile ya kwanza. Leo chumvi mara tatu, kesho hakuna kabisa. Yale maharage ya Jumapili hayakuwa ya kutia mdomoni."

"Mbona mlikula?"

"Tulikula, tukanywa maji mengi." Alivuta mtandio akaurudisha kichwani. "Nilitaka kukwambia. Huyu mwanangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Akasema, mwache mama, amefiwa, ataona tunamsimanga. Tukakubaliana tunyamaze."

Ulimi aliugeuza uso wake kwenye mlango wa wodi. Kwa hiyo na yeye alijua. Kijana aliyesimama kila siku mbele ya tanuri, ambaye ulimi wa shemeji yake ndio ulikuwa mlinzi wake pekee, alijua ulimi huo umekufa. Akala chumvi, akasema asante shemeji, akaenda kazini. Pale ndipo kitu kilipomchoma Ulimi kifuani, na ilimchukua muda kukitambua kwa kuwa ilikuwa miezi minne hajakutana nacho. Ilikuwa hasira. Alikasirikia chumvi, na maji waliyokuwa wakinywa, na upole wao wote ule, na wake.

"Mngeniambia," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Watu wa benchi la pili wakageuka.

"Na wewe ungetuambia."

Machozi yalianza kumtoka Ulimi bila kwikwi, akayaacha. Mama mkwe hakumbembeleza. Alimtazama tu, kisha akasogea, magoti yao yakagusana.

"Kuanzia kesho," mama mkwe alisema, "chumvi ikizidi nitakwambia pale pale mezani."

"Na nikikasirika?"

"Kasirika. Keshokutwa ikizidi nitakwambia tena."