Kufuli la Banioni

Kornelia alimtafuta Shedrack kila mahali asimwone. Mlinzi wa geti akamwambia, "Amepanda banioni, mama. Peke yake."

Hakukuwa na kazi iliyompeleka kule.

Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Kituo chao kidogo cha umeme, juu ya Uru kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo yaliyopangwa tangu masika, na mhandisi Kornelia ndiye aliyeyasimamia. Mafundi walikuwa ndani ya turbini wakibadilisha beringi. Lango la maji kule banioni, mto unapogeuzwa kuingia kwenye bomba, lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo aliuvaa yeye shingoni. Maji yakifunguliwa mtu akiwa ndani, ndiyo basi tena.

Shedrack, msaidizi wake, kila asubuhi alikuja na lile lile. "Dada, wakubwa wanataka umeme urudi haraka."

"Wakubwa gani?"

"Wakubwa tu, dada."

Sasa Kornelia alishika ufunguo shingoni. Ulikuwepo. Ndipo akakumbuka kwamba juzi Shedrack aliuazima ili atie kufuli mafuta, akaurudisha jioni, akitokea mjini Moshi. Mjini hakukosi mafundi wa kuchonga funguo. Akainama kwenye mlango wa turbini.

"Mzee Yohana, tokeni nje!"

"Bado kidogo tu, mama."

"Tokeni wote. Sasa hivi!"

Walitoka wakinung'unika, mafuta hadi viwikoni, wakaenda kukaa kwenye nyasi nyuma ya jengo, wakafungua kiburu chao cha ndizi na maharage, wakaanza kula. Mmoja akasema kwa Kichagga kwamba huyu mwanamke anaogopa hata kivuli chake. Wenzake wakacheka. Kornelia alisikia, akazidi kutazama njia ya banioni.

Hawajamaliza kula, bomba likanguruma. Maji yalifoka kupitia ule mlango uliokuwa wazi, yakazoa ngazi, spana na beringi mpya. Hakuna aliyecheka tena.

Shedrack akaja mbio kutoka juu, anahema.

"Niliwaona mmekaa nje mnakula! Nikajua mmemaliza!"

"Ufunguo uliupata wapi?"

Shedrack akainama kuokota spana iliyotupwa na maji.

"Mwache, mama," mzee Yohana alisema kwa sauti ndogo. "Si anasema alituona?"

"Alipanda kabla hamjatoka, mzee."

Shedrack aliteremshwa Moshi siku ile ile, na kituoni hakurudi tena. Beringi nyingine ilichelewa, mgao ukarefuka, lawama zote zikamwangukia Kornelia.

Kabla ya kuwarudisha mafundi ndani, alipanda mwenyewe banioni na kufuli jipya. Akasimama pale pale langoni, akatazama chini. Aliona migomba, na paa la kituo. Zile nyasi za nyuma ya jengo hazikuonekana kabisa. Akasogea kulia, akasogea kushoto. Paa tu.

Aliposhuka alimweleza mzee Yohana kwamba kutoka langoni nyasi walizokalia hazionekani. Mzee alifuta mikono yake kwa kitambaa kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na mafuta.

"Leo naomba niende nyumbani, mama," alisema.

Kornelia akamruhusu.