Hakuonyesha Majuto

Apendi alivaa viatu langoni mwa mahakama. Alikuwa ametoka kijijini Kisoko kwa miguu kabla ya jua, viatu mkononi visije vikashika tope njiani. Tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni.

Nyuma ya jengo mwanawe Olweny alikuwa ameketi chini na wafungwa wengine, nyuma ya wavu, katika sare ya njano ya gereza. Askari alimpa mama dakika moja.

"Inua uso," Apendi akasema.

Olweny akainua. Macho yakafika kwenye kidevu cha mama yake, yakarudi chini.

"Juu. Niangalie."

"Nashindwa, mama. Wewe mwenyewe ulinifunza."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyokuwa ikimla. Mwaka jana, siku ya hukumu, Apendi ndiye aliyemwambia: mbele ya mkubwa inamisha kichwa, funga mdomo, aone unajua umekosa. Nyumbani kwao mtoto mkosaji husimama hivyo, na baba akimwona hasira humtoka. Olweny alikiri kuvunja ghala la mfanyabiashara mmoja mjini Busia na kuchukua gunia moja la maharagwe. Alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, alitazama vidole vya miguu yake. Hakimu akaandika kwamba hakuonyesha majuto, akampa miaka sita.

"Leo utaongea," Apendi akasema. "Ukiweza kulia, lia. Ile jaji, muangalie kwa macho."

Wakili Phiona, ambaye serikali ilimpa rufaa hii pamoja na nyingine kumi na moja za asubuhi hiyo, alieleza vizuri, kwa Kiingereza. Kosa la kwanza. Alikiri. Alikuwa na njaa. Na kunyamaza kule kulikuwa heshima, si kiburi. Karani mkalimani alipomfikishia maneno hayo, Apendi alitamani kumpigia magoti msichana yule.

Kizimbani Olweny aliinua uso. Aliinua kwelikweli, shingo ikitetemeka, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye kola. Mtu yeyote angeyaona.

Jaji hakuinua uso wake. Alikuwa akisoma faili. Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine, na aliponena alizungumza na karatasi.

"Anasema," karani akatafsiri, "siku ile yeye hakukuwa hapa. Hakimu ndiye alimuona huyu, akaona hana majuto. Kupima adhabu ni kazi ya hakimu. Sheria inafika miaka saba, hakimu alitoa sita, hakukosea sheria. Kwa hivyo yeye jaji hawezi kuingilia."

Apendi alisimama. "Mwambie amuangalie sasa. Si yuko hapa?"

"Mama, keti."

"Amuangalie tu. Kidogo."

Karani hakutafsiri hilo. Jaji alitia sahihi, akaomba faili nyingine.

"Nimejaribu, mama," Phiona akanong'ona, tayari akifungua karatasi za mtu mwingine.

Walipomtoa Olweny alikuwa bado ameinua uso, utadhani amesahau jinsi ya kuushusha. Alimtazama mama yake moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kisha akamtazama askari.

"Wewe, unaangalia nani hivyo?" askari akamwuliza, akimchapa kofi kisogoni. "Macho chini. Huko ndani kiburi tunaitoa."

Olweny akainamisha kichwa. Apendi naye akajikuta ametazama chini, kwenye viatu vyake. Havikuwa na hata doa la tope.