Namba Sita Kwenye Droo ya Lorne

Programu ile ya hesabu ilikuwa imemkera Verla Hnatiuk mpaka akaanza kuisemesha kama mtu. Anaifungua asubuhi, inamwambia imetuma namba sita za kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Anaziingiza. Anaweka alama pale palipoandikwa "Ikumbuke kompyuta hii." Anaifunga aende kukoroga supu, akirudi imeshamsahau na inataka namba nyingine. Jamani, mtu gani huyo, ukimpa kisogo tu hakujui tena?

Na afadhali hizo namba zingekuwa zinakuja kwake. Zilikuwa zinakwenda kwa Lorne Thorvaldson, mweka hazina wa zamani wa klabu ya Vesterby ya kelingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu. Wanachama walipomchagua Verla majira ya vuli, Lorne alikabidhi funguo, mafaili, hata kikokotoo chake kilichofutika vitufe. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye programu hakuibadilisha. Alisema ataishughulikia, na hakuishughulikia. Kwa hiyo kila Verla alipotaka kuingiza risiti ya mfuko wa viazi, ilimbidi ampigie mzee, na mzee hatoi namba hivi hivi. Kwanza lazima aulize, "Ulikuwa unataka nini humo?" Verla anajieleza kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Ndipo Lorne anatafuta miwani, anakohoa, anasoma namba moja moja kwa madaha, na mara nyingi akifika ya sita muda umeshapita na kazi inaanza upya.

Novemba ilipofika, Lorne na mkewe wakafunga nyumba waende Arizona kukimbia baridi, kama wafanyavyo wastaafu wengi wa Manitoba wenye uwezo. Alipita klabuni kuaga. Akasema mbele ya kadamnasi, "Dada yangu, utanipigia kabla ya Krismasi unibembeleze. Na kinywaji nitakununulia mimi." Watu wakaangua kicheko, maana kwenye kelingi aliyeshinda ndiye humnunulia aliyeshindwa kinywaji cha kwanza; ndiyo heshima ya mchezo, na hakuna aivunjaye. Verla akacheka nao. Rohoni alikuwa anafoka.

Tangu siku hiyo hakuifunga programu wala hakuizima kompyuta. Aliiacha ikiwaka jikoni mwa klabu mchana na usiku, ameifunika kitambaa cha vyombo, na juu yake karatasi: USIGUSE. Wachezaji walikuwa wakiipita kwa kunyata.

Sasa, mashine ya kugandisha barafu ya Vesterby ilikuwa mahututi. Ilikoroma, ilivuja, na Ambrose Pruden, fundi wa barafu, alishasema waziwazi kwamba haitauona msimu mwingine. Mkoa ulikuwa tayari kuwapa mashine mpya, kwa sharti moja: hesabu za mwaka mzima zifike kwa mtandao Jumanne moja ya Desemba, kabla ya saa kumi na nusu jioni. Mashine isipopatikana hakuna barafu, na barafu isipokuwepo klabu inafungwa. Verla alijua maana yake. Tangu mumewe Stan afariki, nyumbani kulikuwa na kiti kitupu na redio. Klabuni kulikuwa na watu, supu ya borshi, mawe mazito yakiteleza barafuni, na wazee wenzake wakisugua njia kwa mafagio huku wakitukanana kwa mapenzi. Januari nzima peke yake jikoni kwake asingeiweza. Na zaidi ya hayo, hakutaka kabisa kuwa yule mweka hazina ambaye klabu ilimfia mikononi.

Hesabu alizimaliza Jumatatu. Jumanne saa nane mchana akafunua kitambaa, atoe tu ile ripoti aitume. Kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe usiku, ikajizima, ikajiwasha. Kwenye skrini yale yale: tumekutumia namba sita.

Verla aliketi. Akasema neno ambalo marehemu mama yake asingependa kulisikia. Kisha akainua simu ya ukutani pale jikoni, akampigia Lorne kwa namba ya Arizona aliyoiacha.

Lorne alikuwa kwenye uwanja wa gofu. Alisikiliza, akacheka mpaka akapaliwa. Akaeleza kwamba simu yake ya Kanada ameiacha Vesterby, kwenye droo ya jikoni. Huko anatumia laini ya huko, kwani hana pesa za kuigawia kampuni ya simu. Si alisema atapigiwa kabla ya Krismasi? Basi dada aombe mkoa muda, na yeye akirudi Aprili ataketi ayamalize mwenyewe.

"Aprili hatuna barafu, Lorne," Verla akasema. "Na vuli ijayo hatutakuwa nayo pia. Utarudi kwenye jengo lililofungwa."

Lorne alikuwa mbishi lakini hakuwa mtu mbaya, na kwenye barafu ile ndiko alikomfundisha mwanawe kucheza.

"Ambrose ana ufunguo wa nyumba," akasema hatimaye. "Droo ya pili, chini ya vifuniko vya sufuria."

Ambrose ndiye aliyekuwa akiiangalia nyumba ile wakati wa baridi, isije theluji ikaangusha paa. Alikwenda na kurudi na simu ya kizamani ya kukunja, baridi kama jiwe, na waya wake umeizunguka. Kule asingeweza kuichaji, kwa sababu Lorne, kwa ubahili wake, alikata umeme wa nyumba nzima. Na betri ilikuwa kuukuu kiasi kwamba ukiichomoa tu kwenye umeme, simu inazima hapo hapo.

Wakaichomeka jikoni. Ikawaka, ikaonyesha haina mtandao hata kidogo, maana jengo la klabu lote ni bati, kuta na paa, na hakuna simu ya mkononi inayoshika humo ndani. Mtandao wa kompyuta nao hautoki nje ya jiko. Verla akatazama saa. Ilikuwa imeshapita saa tisa na nusu.

Ambrose akasema kule nyuma, nje ya mlango wa mashine, kuna zile nguzo za umeme ambazo watu huchomekea magari ili injini zisigande. Simu ichomekwe pale. Akavaa koti, akavuta kofia, akatoka. Mlango ule uko mwisho wa barafu, na jiko liko mwanzo wake, nyuma ya kioo kikubwa cha watazamaji. Katikati yao walikuwa wachezaji wa ligi ya wazee. Verla aligonga kioo, akawaashiria wasimame. Wakasimama, fagio mkononi, bila kuelewa.

Akabonyeza: tuma namba.

Muda si muda Ambrose akachungulia mlangoni huku mvuke ukimtoka mdomoni. Akapaza sauti. Mashine mahututi ikakoroma juu ya sauti yake, na Verla hakusikia lolote. Ambrose akarudia. Muda ukaisha.

Verla akabonyeza tena. Safari hii Ambrose hakupiga kelele. Alifanya kile ambacho kila mchezaji wa kelingi hufanya akitaka mwenzake wa ng'ambo ya barafu ajue jiwe linakwenda umbali gani: aliinua mkono aonyeshe namba. Ila alikuwa amevaa glavu nene zisizotenganisha vidole, zile za kuendeshea trekta la theluji. Verla aliona buyu likipanda na kushuka. Wachezaji wakaanza kubishana kama ile ni nne au ni salamu.

"Vua!" Verla alipiga kioo. "Vua, Ambrose, Mungu akuone!"

Nje ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Ambrose alizitazama glavu zake, akamtazama Verla, akazivua na kuziweka mfukoni.

Mara ya tatu. Vidole saba. Verla akaandika saba. Viwili. Kisha ngumi iliyofungwa, sifuri. Wachezaji nao wakainua mikono, mmoja baada ya mwingine, wakiipokeza kila namba mpaka kwenye kioo, wazee wazima wamenyoosha vidole na hakuna anayecheka. Tisa. Nne. Ya mwisho vidole vya Ambrose vilikuwa vyekundu na vinatetemeka, na Verla aliomba vile vitano viwe vitano kweli.

Programu ikafunguka.

Hakupoteza hata pumzi. Akatoa ripoti, akaipandisha kwenye ukurasa wa mkoa, akabonyeza. Mduara ukazunguka. Ukazunguka tena. Imepokelewa, ikasema, saa kumi na dakika ishirini na mbili. Verla akainua mikono yote miwili juu, nyuma ya kioo, na ligi nzima ya wazee ikaanza kugonga barafu kwa vishikio vya mafagio, kishindo ambacho huwa wanakitoa tu jiwe la mwisho likiingia katikati ya shabaha. Macho yalimjaa machozi na hakujishughulisha kuyaficha.

Ambrose akaingia, akalizungushia bakuli la borshi mikono yake mpaka vidole vikaanza kumuuma. Kisha mmoja wa wachezaji akauliza swali ambalo bila shaka na wewe umekuwa nalo muda wote huu. Kwa nini Ambrose hakuazima simu ya mtu, akapiga simu ya ukutani pale jikoni, akazisoma namba?

Wakatazamana. Hakuna aliyefikiria. Walikuwa watu wa barafu. Mwenzao akiwa ng'ambo wanainua mkono, basi. Ambrose aliangalia vidole vyake na kusema kwamba swali hilo limechelewa sana.

Lakini Verla alikuwa ameigeukia ile simu ya ukutani. Ya rangi ya maziwa, waya wake mrefu umejikunja, imetundikwa pale tangu enzi za mkwewe. Haikuwahi kwenda Arizona. Akarudi kwenye kompyuta, akatafuta pale pa kubadilisha namba. Programu ikakubali kwamba inaweza pia kupiga simu ya kawaida na kuzisoma namba kwa sauti. Ila kwanza, ikasema, ili kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, tumetuma namba sita kwenye simu ya zamani.

Jiko zima likamtazama Ambrose.

"Nyinyi watu hamna utu," akasema, akamaliza supu yake, akachukua koti.

Februari jibu la mkoa likaja. Mashine mpya imekubaliwa, na itafungwa barafu ikishayeyushwa. Siku hiyo klabu ilijaa mpaka viti vikaisha, na Verla alikuwa anakaanga perogi, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, na vitunguu huku kila anayepita anamgonga bega. Kelele zikiwa zimepamba moto, simu ya ukutani ikalia. Akaipokea. Sauti ya mashine, kavu, ikamsomea namba sita na kukata. Verla akaitazama kompyuta: imetulia, hakuna aliyeigusa.

Akaelewa. Akaziandika namba zile kwenye mkono kwa kalamu, akasubiri, anatabasamu peke yake.

Simu ikalia tena. Alikuwa Lorne. Alisema amesikia habari, hongera, na katika kuangalia angalia amejaribu kufungua hesabu ajionee huo ukarimu wa mkoa kwa macho yake, lakini programu inamsumbua, inasema imetuma namba sijui wapi.

Verla aliwaashiria watu wanyamaze. Wakanyamaza wote, hata Ambrose.

"Ulikuwa unataka nini humo, Lorne?" akauliza.

Lorne akaanza kucheka, kidogo kidogo, cheko la mtu aliyeliona jiwe lake likisukumwa nje. Verla akavaa miwani. Akakohoa. Akamsomea namba moja moja, bila haraka yoyote, mpaka ya sita.

"Na ukirudi Aprili," akamwambia, "kinywaji nakununulia mimi."