Pointi za Bwana Pip

Mume wangu ni fundi saa, na fundi saa akishapenda kitu kikubwa, mkewe ajue hana sebule tena. Wenzangu huletewa friji. Mimi nililetewa kabati la mbao lenye kimo cha mtu mzima. Lilibebwa na wanaume wanne, mlango ukang'olewa bawaba ili lipite, likasimamishwa pale pale ilipokuwa cherehani yangu. Cherehani ikahamia chumbani, na tangu siku hiyo nikigeuka kitandani najigonga.

"Ni mashine ya michezo," alisema, akilipapasa ubavuni. "Hizi siku hizi hazitengenezwi tena."

"Na sababu si wanaijua," nikamjibu. Hakusikia. Alikwisha kuingiza kichwa ndani kwa mlango wa nyuma.

Mashine ilitoka kwenye jumba la sinema lililokuwa linabomolewa. Kioo chake kilikuwa televisheni ya chogo, nzito kuliko mimi na dada yangu tukipimwa pamoja. Chini ya kioo palikuwa na kijiti cha kuongozea kindege na vifungo viwili vya kufyatulia risasi. Chini zaidi, usawa wa goti, kulikuwa na kimlango cha chuma chenye tundu la sarafu. Ndani panya walikuwa wamejenga ukoo mzima.

Basi miezi sita sikuwa na mume, nilikuwa na miguu miwili inayochomoza nyuma ya kabati. Vikombe vyangu vya chai vilijaa skrubu. Mswaki wangu, si wake, ulisugua kutu ya vifungo. Alilehemu nyaya moja baada ya nyingine kwa subira ambayo sijawahi kuiona akitafuta soksi. Kwenye ubao wa saketi alikuta betri ndogo imevuja, na fundi mwingine yeyote angeing'oa akatia nyingine, yakaisha. Yeye akasema hapana, betri hiyo ndiyo inayokumbuka pointi za wachezaji, ikikatika hata kidogo kila kitu kinafutika. Akaunganisha betri ya pili kwa nyaya mbili, ubao ukawa unapata umeme wa huku wakati anabadilisha ile ya kule. Alikuwa ameacha kupumua, jamani. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya viazi, na mimi nikaacha kupumua bila kujua kwa nini.

Halafu akawasha. Kioo kikaguna, kikapepesa, kikatoa majina kumi ya watu walioongoza, kila mmoja kwa herufi tatu tu. Wa kwanza juu kabisa aliandikwa PIP, pointi 98,740.

Sahani ilinitoka mkononi.

Pip ni mimi. Nilipokuwa msichana dada yangu alikuwa ananiita Pipi, na mashine ile ilikuwa inakubali herufi tatu tu. Tulikuwa tunaingia pale ukumbini mwa sinema kila Jumamosi kabla ya filamu, mimi na yeye. Kabati lilivyochakaa sikulitambua, wala sikuota kwamba siku moja kitu kile kingenifuata mpaka ndani ya nyumba ya ndoa.

Nilifungua mdomo niseme. Lakini mume wangu alinitangulia. "Tazama huyu mtu!" Macho yalikuwa yamemtoka. "Wa pili ana elfu ishirini na sita. Huyu ana karibu laki! Huyu bwana alikuwa na mikono, mke wangu. Mikono!"

Nikaufunga mdomo. Kwanza niliudhika, kwa nini lazima awe bwana? Pili, sitaki kusema uongo, zile sifa zilinikolea. Nikaokota viazi kimya kimya huku kichwa kimevimba.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa goti. Ile mashine, kindege kikigongwa na mawe, kinaanguka polepole. Ukiwahi kutumbukiza sarafu kabla hakijafika chini, unaendelea na pointi zako zile zile. Sisi sarafu hatukuwa nazo. Lakini dada yangu aligundua kwamba kile kimlango cha chuma kilikuwa kimelegea, na ukikipiga goti pahali fulani mashine inadhani umelipa. Siku ile yeye alisimama kumzuga mkata tiketi, mimi nikapiga goti. Nilikufa mara thelathini na kitu nikifufuka. Nilikwenda nyumbani nachechemea, bingwa wa mji.

Mume wangu hakulijua hilo. Tena yeye ana adabu zake: sarafu moja, mchezo mmoja, ukifa umekufa. Kila siku akitoka kwenye meza yake ya saa ananawa, anacheza mara moja, anatikisa kichwa. "Bwana Pip hakamatiki," anasema. Tulikuwa tunakula naye huyo Bwana Pip mezani. Bwana Pip lazima alikuwa mtu mtulivu. Bwana Pip hakuwa mtu wa papara. Siku moja niliunguza mchuzi, akasema Bwana Pip angesikia harufu mapema. Hapo ndipo nilipokaribia kumwambia, ila kwa hasira.

Hivyo hivyo miaka mitatu. Kiwango chake cha juu kikawa 41,200, kikagoma hapo.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kidogo tu, mimi niliuona kwenye kijiko. Yeye aliuona kwenye meza ya kazi, skrubu ndogo kama punje ya mchanga ilipomponyoka mbele ya mteja na mteja akacheka. Akaja nyumbani, akacheza, akapata elfu thelathini. Kesho yake ishirini na tisa. Akashika tama mbele ya kioo.

Jumanne ile akaniambia, bila kunitazama, kwamba ameongea na fundi wa betri za saa, jirani yake wa upande wa pili wa barabara. Jamaa atakuja nyumbani Jumamosi asubuhi kuchukua vifaa vyote, na meza ya barabarani iwe yake. "Mikono imekwisha," akasema.

"Imekwisha kwa sababu ya skrubu moja?"

"Kwenye saa mtu anaweza kujidanganya. Mashine haidanganyi. Hata nusu ya pointi za Bwana Pip sijawahi kufika, hata mikono ikiwa mizima. Maana yake hata zamani haikuwa mikono ya maana."

Mtu huyu ameshika saa tangu hajaota ndevu. Amewatengenezea wauguzi, makondakta, maharusi. Na sasa alikuwa anajihukumu kwa goti langu. Niseme, zile sifa zife, na mimi nionekane mwizi niliyemcheka miaka mitatu. Nisinyamaze, lakini nisiseme: nilitafuta njia ya namna hiyo siku mbili nzima.

Jumatano nikajaribu kumpitia kwa mbali. "Huenda huyo Pip alikuwa tapeli."

Akaweka kijiko chini. "Usimseme vibaya mtu usiyemjua."

Haya basi. Nilitetewa mbele yangu mwenyewe, na sikuweza hata kushukuru.

Ijumaa alasiri alirudi mapema na sanduku la vifaa amelifunga kwa taulo, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akaliweka mezani. Akatoa kibanio kimoja, akakifuta, akakirudisha. Hapo nikashindwa. Nikapiga moyo konde.

"Baba watoto, Pip ni mimi."

"Leo sina moyo wa utani."

"Ni mimi. Dada alikuwa ananiita Pipi, mpigie simu umuulize. Na zile pointi si za mikono. Ni za goti."

Nikamweleza yote, mkata tiketi, kimlango, kufa na kufufuka. Nilisema haraka haraka nikitazama sakafu. Nilipomaliza nikasikia saa zake za ukutani, zote nne, kila moja na mwendo wake.

"Goti," akasema.

"Goti."

"Nionyeshe."

Basi mwanamke wa umri wangu akakunja gauni, akatumbukiza sarafu, akashika kijiti. Kindege kikaanza, mawe yakaja, nikagongwa mara moja. Nikapiga goti kwenye chuma. Hakuna kitu. Nikapiga tena, na tena, kindege kikashuka taratibu mpaka chini huku nikiitwanga ile mashine kama inanidai. Pointi 1,310.

"Nilikikaza," alisema nyuma yangu. Sauti ilikuwa ya ajabu. "Kile kimlango. Swichi yake ilikuwa imelegea nikaweka mpya, siku ya pili tu."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa ameshika ukuta, machozi yanamtoka, anacheka bila sauti mpaka mabega yanaruka. Nikamwacha acheke. Nilistahili. Lakini goti lilikuwa linauma, na roho pia, kwa sababu kumbe mimi ni mtu wa 1,310.

"Hesabu mwenyewe," nikamwambia. "Mtoe huyo mwizi juu. Anayefuata kwa wale wa kule sinema ana elfu ishirini na sita. Wewe una arobaini na moja, kwa sarafu moja. Ndani ya mashine hii hakuna aliyewahi kukufikia."

Akaacha kucheka. Akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, akautazama. Ulikuwa bado unatetemeka. Akaenda kuoga, na sanduku likabaki mezani limefungwa. Sikujua ameamua nini. Na yeye ni mtu wa kushika ahadi.

Jumamosi asubuhi fundi wa betri alifika na mfuko mkubwa na shikamoo nyingi. Mume wangu akamkaribisha, akamketisha. Mimi nilijitia napanga vikombe. Nilipanga vile vile mara nne.

"Saa yako imesimama," mume wangu akamwambia.

Yule bwana akacheka, akaficha kifundo cha mkono. "Hii? Nilitia betri mpya, haikusaidia. Imekufa, mzee, naivaa kwa urembo."

"Lete."

Akafungua taulo. Akavaa kioo cha kukuzia jichoni. Akafungua mfuniko wa saa, akachukua kibanio, na mkono ukawa unatetemeka njia nzima kutoka sandukuni hadi kwenye saa. Niliuona mimi, akauona yule fundi, akageuza uso kwa heshima. Nikataka kulia. Lakini kibanio kilipogusa kigurudumu cha ndani, mkono ukatulia. Tuli kabisa. Akainua kitu, akapuliza, akageuza kitu, akarudisha. Alipoondoa kibanio mkono ukaanza tena kutikisika, na saa ikawa inatembea.

Alishusha kioo cha kukuzia akakaa anaitazama ile saa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Samahani, ndugu yangu," akasema mwishowe. "Nimekusumbua bure. Vifaa haviondoki."

Yule bwana, Mungu ambariki, hakukasirika. Alikunywa chai, akaondoka na mfuko mtupu na saa inayotembea. Mume wangu akafunga sanduku, akavaa shati lake la kazi, akaenda mpaka mlangoni. Pale akasimama, amenipa mgongo.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu umenisikiliza nikimsifia mtu mwingine ndani ya nyumba hii."

"Ulikuwa unanisifia mimi."

"Najua. Jana usiku sikulala, nilikuwa nawaza kwa nini ulinyamaza." Akahamisha sanduku mkono huu na ule. "Nikajaribu kukumbuka lini nimekusifia hivyo wewe mwenyewe. Sikukumbuka."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, na nilikuwa sijawahi kujiambia.

Akashika kola ya shati lake, akaivuta aione, akapitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo. Shati lile lina miaka tisa. "Hii kola ilikuwa imechakaa," akasema. "Uliigeuza?"

"Mwaka juzi. Upande uliochakaa uko ndani."

Akaisogeza karibu na jicho, lile lile analovalia kioo cha kukuzia. Akaitazama kama anavyotazama saa za watu. "Sioni mshono," akasema. "Mke wangu, sioni ulipoanzia wala ulipoishia."

Akaenda zake kazini. Mimi nikaketi kwenye kiti cha kwanza nilichokipata, nikalia kama mjinga, kwa furaha, na chai ikapoa.