Mwenzake Nyota Nyekundu

Mwaka wa pili tangu watu wetu wanyongwe Songea, mama mkwe wangu, Mwanne, alikuwa bado anaweka sahani ya ugali mlangoni kila jioni. Ilikuwa ya mwanawe, Alfani, kaka wa mke wangu. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba alimwona akifa, na bila shahidi alikataa kumaliza matanga. Hata mimi aliniuliza. Nilijibu kwamba sikutazama.

Ni kweli siku ile tulikusanywa bomani, tukaamriwa kutazama. Mimi niligeuza macho nikaukazia mlingoti wa bendera.

Jioni nilikuwa nikijifunza kusoma misheni, mtu mzima na mvi zangu. Somo likiisha, Bruda, mwalimu wetu, alikuwa akitutolea darubini yake. Mwezi wa Julai alituonyesha nyota nyekundu iliyokuwa utosini. Alisema ina mwenzake mdogo, hafifu, aliyemezwa na mwanga wake. Nilikodoa jicho hadi likatoa machozi. Sikumwona.

"Unaikazia kama askari aliyekamata mwizi," Bruda alisema. "Mkweo unamtazamaje?"

"Simtazami, Bruda. Kwetu ni mwiko. Nasema naye nikiangalia kando."

"Basi itazame kama mkweo."

Wenzangu walicheka. Nikapeleka jicho pembeni kidogo, kwenye giza. Kando ya ule wekundu kikatokea kidoa cha kijani, kimetulia, kana kwamba kilikuwa kikinisubiri.

Ndipo mlingoti uliponirudia. Kando yake, wa tatu kwenye mstari, alikuwa Alfani, shati limechanika begani. Alikuwa anatafuta uso katika watu, akaupata wangu, akatikisa kichwa polepole, nisilie. Yote hayo nilikuwa nayo. Nilidhani asiyetazama hakuona, na kila siku nilisali rozari nikiamini sijasema uongo.

Nilimwachia mwingine darubini, nikaenda kwa mama mkwe. Sahani ilikwisha kufunikwa. Nilisimama uani, uso nimeuelekeza ukutani.

"Mama, nilimwona."

Akauliza, "Alikuwa na nani?"

"Alikuwa na mimi."

Pembeni ya jicho niliona mkono ukishuka, ukaiinua sahani, ukaiingiza ndani.

Matanga yalimalizika wiki ile. Sasa ni mimi ninayemngoja. Kila nikifumba macho kusali anakuja, wa tatu kwenye mstari, anatikisa kichwa.